Ngozi Isiyo na Masikio

Habari za kifo cha Mzee Bura nilizipata sokoni Dongobesh, nikiwa nachagua vitunguu saumu vya mbegu. Mama aliyeniambia hakuyajua mambo yetu, kwa hiyo alinisimulia kama mtu anayesimulia baraka: mzee amekufa ameshiba miaka, watoto wote wamefika, padri amemkuta bado anaongea. Nilimpa pole, nikalipia vitunguu vyangu, nikarudi nyumbani. Nilipofika nilipanda juu ya kiti nikashusha gunia lililokuwa limefungwa kwenye boriti za jikoni tangu siku nilipoolewa nikaja nalo. Ndani yake mlikuwa na ngozi moja ya ng'ombe, nyekundu, iliyokauka kwa moshi wa miaka mingi hadi ikawa ngumu kama bati. Kisha nikampigia simu mdogo wangu Basili, ambaye anatengeneza pikipiki Babati, nikamwambia nani amekufa na kwamba ninakwenda kuzika. Nyuma yake nilisikia mtu anagonga chuma. Akasema, "Dada, bado unayo tu ile ngozi?" Nikasema ninayo. "Itupe, dada. Tumeshazeeka." Sikuitupa. Niliipangusa masizi ikiwa imekunjwa vile vile, nikairudisha kwenye gunia na kulifunga kwa kamba safi.

Msibani niliwekwa na akina mama wa jikoni, nikapewa kisu na karai la viazi. Kutoka pale tulisikia kila kitu kwa kipaza sauti. Aliyesoma wasifu alikuwa kijana, mjukuu nadhani, mwenye sauti nzuri. Alisema marehemu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya josho, na kwamba wakati serikali ilipoacha kuleta dawa na watu wakakata tamaa, ni yeye aliyesimamisha upya nguzo za josho la kijiji, na kazi ile imesimama hadi leo. Mama Theresia, mzee ambaye tumejuana tangu nikiwa binti, aliacha kumenya.

"Umesikia hilo, Mama Neema?"

"Nimesikia, mama."

"Nguzo za josho."

"Nimesikia."

Aliniangalia mikono, akaangalia karai. "Basi menya viazi," akasema, na hakuwa anatania.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa baada ya baba kumfuata mama. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, na Babati ilikuwa kwetu ni mahali pa kubadilishia basi. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Madukani Katesh na Mbulu mjini ulikuta sabuni za rangi tatu, saruji imepangwa hadi darini, na dawa za mifugo ndani ya chupa ndogo zenye picha ya ng'ombe mnene. Kitu kilichokuwa hakipo tena ni gari la serikali lililokuwa linaleta dawa ya josho bila mtu kuulizwa kitu. Waliokuwa na uwezo walinunua bomba la mkono na kuwanyunyizia ng'ombe wao nyumbani. Wengine tulikaa tukingoja kupe washibe. Ndigana, ile homa ya kupe, ilipita mwaka ule kama moto wa majani, ikawa asubuhi ukitoka nje unasikiliza kwanza zizi gani lina kilio. Ndipo kijiji kikaitana, wakakubaliana kila boma litachangia dawa, josho la zamani lifufuliwe.

Shida ilikuwa nguzo. Birika lenyewe lilikuwa zima, maana lilijengwa wakati watu hawaibi saruji, lakini kichochoro cha kupitishia ng'ombe mmoja mmoja kabla hajaruka ndani ya dawa kilikuwa kimelala. Kila nguzo ilikuwa imesimamishwa na zege kumwagwa kuizunguka. Miaka ikapita, mti ukaoza pale pale usawa wa zege, ukakatika, na kisiki kikabaki ndani kama jino bovu ndani ya fizi nzima. Mafundi waliokuja kutazama walisema njia ni moja tu, zege livunjwe lote limwagwe jipya. Walipoambiwa hakuna fedha ya saruji, walikunywa chai wakaondoka. Mimi nilikuwa mtoto wa fundi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili kumuuguza mama, halafu baba, na miaka ile yote ya kushika upande wa pili wa mbao wakati baba anakata ilikuwa imeniingia mikononi. Sanduku lake lilibaki kwetu: patasi mbili, tezo, nyundo, na mtaimbo uliosimama nyuma ya mlango. Nilikwenda kwa Mzee Bura kumwambia kwamba visiki vinaweza kutolewa na zege likabaki.

Naikumbuka sebule yake kuliko ninavyoikumbuka sebule yoyote niliyowahi kukaa. Viti vilivalishwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, na radio nayo ilikuwa na chake. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hadi ukaogopa kukanyaga. Mke wake alileta chai ya maziwa na viazi vitamu, na mimi, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimewaachia wadogo zangu uji usio na kitu, nilikula nikijaribu kuonekana sina haraka. Mwanawe Damiano, rika langu, alikaa mlangoni akichonga fimbo. Nilipomaliza kueleza, mzee alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema, "Yustina, binti yangu, wewe ni mwanamke, lakini ni mtoto wa baba yako." Akaniuliza habari za Basili. Alikuwa amesikia kwamba amefaulu na amechaguliwa sekondari. Nikasema ndiyo, na kwamba hatuna cha kumpeleka nacho. Basi akasema kamati haiwezi kunilipa fedha mkononi, lakini nikisimamisha nguzo zile, josho likianza kuingiza michango, kamati itamlipia Basili shule mpaka amalize. Alilisema mbele ya mkewe na mwanawe. Nilitoka pale nikiwa natembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Sasa lazima niseme habari ya ngozi. Kwetu mtu hakai na ng'ombe wake wote katika boma moja. Anawaweka kwa watu, mmoja huku, mmoja kule, ili ugonjwa ukiingia usimalize mali yote, na ili jicho la jirani lisijue ana wangapi. Yule aliyewekewa anakamua, anakunywa maziwa, na ndama mnagawana. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi, na ngozi ikishapokelewa hakuna neno tena. Lakini ngozi huja na masikio yake, kwa sababu alama ya mwenye mali hukatwa sikioni. Baba alipokuwa anakaribia kwenda aliniita kitandani akanitajia waliokuwa na mifugo yake. Wengi walikuwa wamesharudisha, wameshauziana, au wameshapatwa na ndigana. Aliyebaki alikuwa mmoja. Alisema, kwa sauti iliyokuwa imebaki pumzi tu, "Kwa Bura nina jike mwekundu, mmoja. Huyo ndiye shule ya Basili."

Tulipokuwa bado tuko kwenye matanga yake, Mzee Bura alikuja ameshika ngozi imekunjwa. Alisema ndigana haikumwacha yule jike, na kwamba inamuuma kutuletea habari kama hiyo siku kama zile. Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Kinachoendelea kunisumbua hadi leo ni wepesi wa jambo lenyewe. Msibani vitu hupokelewa kama vilivyo. Kukunjua ngozi mbele ya aliyeileta, watu wamekaa chini wanalia, ni kumwita mwizi kwenye kilio, na hakuna binti wa kwetu ambaye angefanya hivyo. Nafikiri hata mwanamume asingefanya. Watu walipotawanyika niliikunjua, nikaona imekatwa shingoni, haina kichwa wala masikio. Nikadhani mbwa wamekiwahi kichwa. Niliitandika chini, na wadogo zangu Basili na Fausta wakawa wanailalia. Mwaka ule wote walilalia ile ngozi, na nilipowafunika nilikuwa najiambia kwamba angalau ng'ombe wa baba amewapa joto.

Kazi ya josho niliianza mvua zilipokatika. Nilikaa chini miguu imepanuka, kisiki kati ya magoti, nikitoboa katikati kwa patasi hadi kipasuke, kisha navuta vipande kimoja kimoja. Chini kabisa mti ulikuwa umekuwa uji mweusi unaonuka, na patasi haikuweza kuuokota, basi nilichukua upawa wa mama nikaukunja shingo, nikawa nauchota nao. Wanaume waliokuwa wanapita kwenda kwenye pombe ya mtama walisimama kunitazama. Waliniita daktari wa meno. Mmoja alifungua kinywa akaniambia, "Daktari, hili la nyuma linaniuma, nitoe na mimi," na wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Sikukasirika. Nilimwambia alete kwanza mchango wa dawa, na wakamcheka yeye. Nilipofika mwisho wa shimo la kwanza ndipo nilipoelewa kwa nini mti ulioza. Waliomwaga zege walilimwaga hadi chini ya nguzo, likawa kama kikombe. Maji ya mvua yaliingia yakakosa pa kutokea, na nguzo ikakaa miguu majini maisha yake yote. Kwa hiyo kila shimo nililipiga mtaimbo hadi kitako kikatoboka na udongo ukaonekana, nikaweka kokoto. Nguzo mpya zilikuwa za mtarakwa, zililetwa kwa maksai kutoka mlimani kwa ruhusa ya kijiji. Nilizichonga kwa tezo hadi zikaingia kwenye vikombe vyao, nikauchoma mwisho wa chini kwenye moto, nikaupaka oili chafu, nikazisimamisha na kuzibana kwa mawe madogo. Saruji kidogo niliyopewa niliitumia juu tu, kuzunguka shingo ya nguzo, nikailaza iwe mteremko, maji yaondoke badala ya kuingia.

Basili alikuwa akija baada ya kuteka maji, anashika nguzo isimame wima wakati mimi nabana. Alikuwa anaongea bila kupumua. Alishajua sare ya ile shule ina rangi gani, alishajua wanakula maharage siku zipi na makande siku zipi, alishaamua kwamba atasoma mifugo awe bwana mifugo na josho hili liwe chini yake. Mchana tulikula ugali baridi na mlenda, tumekaa kwenye ukingo wa birika kavu, miguu inaning'inia ndani. Nikiulizwa ni lini katika maisha yangu nilikuwa na furaha, sina mahali pengine pa kuonyesha. Na ndiyo sababu siwezi kuukumbuka mwaka ule kwa furaha tupu hata nikitaka, maana kila kizuri chake kimesimama juu ya kile kilichokuja baadaye.

Siku ya kufungua josho alikuja mgeni kutoka wilayani, watu wakapika, wanafunzi wakaimba. Dawa ilikuwa imemwagwa, maji yamekuwa meupe kama maziwa. Mimi niliwekwa kwenye kichochoro, kazi yangu ikiwa kuingiza na kutoa miti ya kukingia, ili ng'ombe waende mmoja mmoja. Mifugo ya mwenyekiti ilitangulia, kama ilivyo haki ya mwenyekiti, na Damiano alikuwa nyuma akiwasukuma. Wakapita wawili, watatu, nguzo zikitetemeka kidogo na kutulia. Kisha akaja jike mwekundu na ndama wake. Nilikuwa nimeinama, na kichwa chake kilisimama karibu na uso wangu nikiona hata kope. Sikio la kushoto lilikuwa limechanwa ncha, pembe tatu ndogo, mkato wa baba. Nimeujua mkato ule tangu sijui kutembea. Karibu yake palikuwa na mkato mwingine mpya.

Nilimwingizia mti mbele. Kisha nikapita upande wa pili nikamwingizia mti nyuma. Damiano alikuja haraka, akainama kama anayetazama kwato, akaniambia kwa sauti ya chini, "Yustina, acha apite. Basili ataenda shule. Acha apite." Hakuuliza kuna nini. Nimelipindua neno lake kwa miaka mingi na kila mara nimerudi hapo hapo: hakuuliza kuna nini. Yule jike alianza kusukuma. Alirudi nyuma akajitupa mbele kwa uzito wake wote, ndama nje analia, na zile nguzo hazikusogea hata unene wa ukucha. Nikasimama juu ya mti wa chini ili wanisikie. Nikasema, "Huyu ni ng'ombe wa baba yangu. Mzee Bura alituletea ngozi yake tukiwa kwenye matanga. Huyu hapa, anapumua."

Wimbo wa wanafunzi ulikatika katikati. Wazee walinishusha kwa upole, wakaenda kukaa kwenye majani nyuma ya josho, mgeni akaletewa soda. Nilitumwa nyumbani kuleta ngozi. Nilikimbia, nikaitoa chini ya blanketi la watoto, nikarudi nayo begani. Iliponyooshwa kwenye majani, Mzee Bura aliitazama kama watu wengine walivyoitazama, bila haraka. Akasema alama ya sikio ni ya marehemu, hakatai. Lakini marehemu alikuwa amemwekea majike wawili, na huyu aliye hai marehemu alimuuzia mwaka mmoja kabla ya kufa, fedha taslimu, alipokuwa anahitaji dawa za mama watoto. Aliyekufa ni yule mwingine. Ngozi yake ndiyo hii.

"Alikuwa mmoja," nilisema. "Baba aliniambia mwenyewe. Mmoja."

Mzee mmoja, ambaye sasa naye ni marehemu na sitamtaja, aliniuliza, "Alikuambia mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Mbele yako." Akaigeuza ngozi kwa fimbo, akatafuta upande wa shingo. "Masikio yako wapi?"

"Ilikuja hivyo hivyo."

"Ngozi isiyo na masikio haimsemei mtu. Haimsemei yeye, haikusemei wewe. Nawe uliipokea?"

"Niliipokea."

"Ukasema nini?"

Nikasema nilisema asante. Hapo hakuna aliyecheka, lakini nilisikia jambo likiisha. Walisema ng'ombe apite. Walisema pia kwamba mtoto aliyelelewa na kijiji hawezi kumvua nguo mzee wake mbele ya mgeni. Niliambiwa nitoe miti mwenyewe, kwa kuwa niliiingiza mwenyewe. Niliitoa. Yule jike aliruka ndani ya dawa, akazama hadi masikioni, akatokea upande wa pili akijikung'uta, na ndama wake akamfuata. Wakaenda njia ya kwa Bura.

Habari ya shule ya Basili ilisemekana itazungumzwa kamati ikikaa. Kamati ilikaa mara nyingi. Shule zilipofunguliwa Basili alikuwa amekaa kwenye ukingo wa josho anawatazama ng'ombe wa watu wakioga, na aliporudi nyumbani aliniambia, "Dada, kama ungenyamaza siku moja tu." Miaka ikapita akaenda migodini Mererani kutafuta mawe ya thamani, akarudi na kifua kibovu, akajifunza pikipiki. Hajawahi kulirudia lile neno, na mimi sijawahi kumjibu. Watu wananiuliza wakati mwingine, watu wema, kama isingekuwa busara zaidi kuacha jike apite, Basili asome, halafu nimdai Bura polepole nikiwa mtu mzima. Ninachowaambia ni kwamba yule aliyeweza kuwalaza yatima juu ya ngozi ya ng'ombe asiyejulikana, asingemsomesha mtoto wao hadi mwisho. Basili ananiambia hilo hatuwezi kulijua. Kwa hilo ana haki, na ndilo linalouma kuliko ng'ombe mwenyewe.

Baada ya kuzika, msemaji wa familia alishika kipaza sauti akatangaza kama inavyotangazwa kila msiba, kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai, amwone mwana mkubwa, Damiano. Watu wa rika langu waliinamisha vichwa. Mama Theresia aliniangalia, akasogeza karai la viazi kwa mguu ili nipite. Damiano alikuwa amekaa kwenye benchi na wazee, amevaa koti, nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nilimpa mkono, nikampa pole, akaipokea. Kisha nikamwekea gunia magotini.

"Baba yako alituletea hii tukiwa kwenye matanga," nilisema. "Na mimi nimeileta kwenye yake."

Alilitazama lile gunia, akawatazama wazee kulia na kushoto, wote wanasikiliza. Mkono wake ulipita juu ya kitambaa taratibu, ukafuata ukingo wa kile kilichokunjwa ndani, ukaenda hadi upande wa shingo, ukasimama pale ambapo kichwa kingekuwa. Nilidhani atalifungua. Lakini kulikuwa na msiba, na watu walikuwa wamekaa chini, naye ni mtu wa kwetu. Alilishika kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Neema," akasema.

Nikiwa njiani kurudi nilipita josho. Halina dawa tena, watu sasa wananyunyizia nyumbani, na birika limejaa majani. Nguzo zipo zote. Niliitikisa moja, ikakataa. Simu ikalia, alikuwa Basili, anataka kujua kama nimefika salama na kama niliipeleka kweli ile ngozi.

Nikasema nimeipeleka.

"Wakasema nini?"

"Wakasema asante."

Nyuma yake yule mtu alikuwa bado anagonga chuma.